Mlete Tumwone

Kwetu wachekeshaji wa jukwaani, mropokaji mlevi ndiye rahisi kuliko wote. Huyo unamwacha aseme mpaka wenzake wamwonee aibu, halafu unamuuliza anafanya kazi gani, na chochote atakachotaja kitachekesha. Mgumu ni yule anayekusaidia: anamalizia mzaha wako kabla yako, tena anaukosea. Kuna meza ya siku ya kuzaliwa, ambayo haikuja kukusikiliza wewe, imekuja kujisikiliza yenyewe. Kuna anayepokea simu katikati ya ukumbi na kusema kwa sauti, "Niko msibani, nitakupigia." Wote hao nawajua. Miaka yote hii nimewajibu, na sasa nimechoka, wala sioni haya kusema.

Mtu akiropoka, humjibu papo hapo. Kwanza unayarudia maneno yake kwenye maikrofoni, polepole, maana watu wa nyuma hawakumsikia, na hakuna anayecheka jibu la swali asilolijua. Halafu unanyamaza kidogo. Halafu unajibu, neno moja likitosha, yasiwe mawili. Wakicheka, kabla hawajavuta pumzi, unatia mkia, yaani kijineno cha kuwaangusha tena. Ulimi wangu unaifanya kazi hiyo wenyewe, hata nikiwa na homa. Ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata mwenyewe.

Jumamosi mchana huwa nachekesha kwenye klabu moja ya wafanyakazi. Jukwaa ni mbao zilizolazwa juu ya makreti ya soda, na maikrofoni imefungwa solotepu shingoni kama mgonjwa. Pale naitwa Mvunja Mbavu. Lakini mke wangu wanamjua kuliko wanavyonijua mimi. Wanamwita Jaji, jina nililompa mimi mwenyewe mbele yao.

"Juzi nimeosha vyombo bila kuambiwa," huwa naanza. "Jaji akaviangalia vyombo, akaniangalia mimi, akasema, 'Haya, umefanya kosa gani?' Nikaomba wakili. Akasema, 'Wakili wako ni mama yako, na huyo tulishamsikiliza.'"

Mke wangu alikufa mwezi wa nne. Sasa ni mwezi wa tisa, na kila Jumamosi bado anaviangalia vile vyombo, juzi.

Klabuni hakuna anayejua. Sikumwambia mtu yeyote. Hata binti yetu, fundi cherehani anayeishi upande wa pili wa mji, alipigiwa simu na shangazi yake, kwa kuwa mimi nilikaa na simu mkononi nikashindwa kubonyeza. Msibani nilipanga viti, nikapokea wageni, nikawachekesha waliolia kupita kiasi. Watu wakasema huyu mzee ana moyo. Moyo gani! Nilikuwa nakimbia tu.

Jumamosi iliyopita asubuhi binti yangu alikuja nyumbani na simu yake. Mtu alikuwa amenirekodi.

"Baba, hapa umesema 'juzi'."

"Ni kazi tu, mwanangu."

"Jana mteja amekuja kupima gauni, akaniambia nimsalimie Jaji. Nimsalimie vipi? Nikamjibu salamu zimefika. Nimedanganya na futi kamba shingoni."

"Wakijua, hawatacheka tena."

"Basi wasicheke!" Alifuta macho kwa kiganja, kama mama yake. "Sikulaumu, baba. Lakini hujawahi kutamka. Hata mimi hujaniambia. Usiposema, mimi hapa sitakuja tena. Siwezi kuingia nyumba ambayo mama ni mzaha na kaburi lake halitajwi."

Nikamwambia nitasema leo. Akasema anakuja kusikiliza.

Mtu akidhani niliogopa kukosa kicheko, hajanielewa. Kule juu ya makreti ya soda mke wangu alikuwa mzima. Alinihukumu, akaninyima rufaa, akanifungia nje ya chumba, na watu mia wakashuhudia kwamba yupo. Nyumbani kulikuwa na kitanda tu.

Ukumbi ulijaa. Binti yangu alikaa karibu na nguzo, mkoba mapajani, soda mbele yake hajaigusa. Meza ya tatu alikaa kijana mmoja mwenye kofia nyekundu, na kabla sijafika popote nilishamjua ni wa aina gani. Hakuwa mlevi. Alikuwa msikivu, na hao ndio wabaya.

Nikaanza na vyombo. Nilikusudia nikimaliza hapo niseme. Nikamaliza, wakacheka, nikasogea kwenye mzaha wa wakili. Nikamaliza na huo, nikasogea tena.

"Kila wiki mke, mke!" Kofia Nyekundu akapaza sauti. "Huyo mke umemtunga!"

Nikayarudia maneno yake, nikanyamaza. "Kijana, ningekuwa na uwezo wa kutunga mke, ningetunga mpole."

Wakacheka. Yeye hakutulia. "Basi mlete tumwone!"

"Anasema nimlete mumwone. Nikimleta, kesi ya kwanza ni hiyo kofia."

Wakacheka tena, lakini neno lilikuwa limeshawaingia. Meza ya nyuma ikaanza kupiga makofi: mlete, mlete. Ukumbi mzima ukaitikia, mpaka wahudumu wakapiga sinia. Hawakuwa na ubaya wowote. Walimpenda. Walimtaka kweli, kama nilivyomtaka mimi.

Kofia Nyekundu akasimama. "Tuambie basi, sasa hivi yuko wapi?"

Nikamtazama binti yangu. Naye alikuwa ananitazama, mkono mdomoni.

"Anauliza," nikasema polepole, "mke wangu sasa hivi yuko wapi."

Nikanyamaza.

"Kaburini."

Kwa kweli sijawahi kupata kicheko kama kile. Mtu mmoja alianguka na kiti chake. Mama mmoja alipiga meza kwa viganja vyote viwili, machozi yanamtoka. Nilikuwa nimesema jambo la kweli kuliko yote maishani mwangu, ila nimelisema kwa mapigo ya kazi. Na kabla hawajavuta pumzi, wallahi si mimi, ni ulimi, nikasikia sauti yangu ikiendelea:

"Na waliomtangulia huko wote sasa wanaomba rufaa."

Ukumbi ukapasuka upya. Nikabaki nimeshika maikrofoni, nimemzika mke wangu kwa mkia.

Aliyeacha kucheka alikuwa mmoja. Kofia Nyekundu aliivua ile kofia, akaishika kifuani. "Mzee," akasema, na safari hii sauti ilikuwa ndogo, "ni kweli?"

"Kaa chini wewe!" wakamzomea. "Hata mzaha huujui!"

Hapo ndipo mropokaji anapomalizwa, ukumbi ukiwa wako na yeye amesimama peke yake. Majibu yalikuja mengi. "Ni kweli," nikasema kwenye maikrofoni, na wakacheka tena. Nikairudisha kwenye stendi yake, nikashuka.

Nyuma ya jukwaa kuna stoo ya vinywaji. Meneja wa klabu alinikuta humo nimekaa juu ya kreti, akanipiga bega.

"Mzee, ile ya kaburini! Usije ukaiacha. Wiki ijayo weka mwishoni."

"Haikuwa mzaha, meneja. Nimefiwa."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Hata huku nyuma huachi!" Akaenda zake.

Sikumchukia. Nimemfundisha mwenyewe, yeye na wote waliokuwa ukumbini, kwamba nikifungua mdomo wacheke. Mwenye kulaumiwa alikuwa amekaa juu ya kreti.

Binti yangu akaingia, akafunga mlango, akavuta kreti jingine akakaa mbele yangu. Nilingoja aniambie kwamba nyumbani ndiyo basi, haji tena.

"Nilisema," nikamwambia.

"Ulichekesha, baba."

"Ndivyo ninavyojua."

"Najua ndivyo unavyojua." Hakuwa na hasira, na hiyo iliniuma zaidi. Alikuwa amechoka kama mimi. "Hao waache. Niambie mimi."

Nilitafuta pa kuanzia. Kila mwanzo niliouokota ulikuwa na kicheko ndani yake, nikauacha, nikaokota mwingine, nao vilevile. Mwisho nikaona hakuna mwanzo.

"Mama yako amekufa, mwanangu."

Sauti ilitoka mbaya, imekwaruza, haina mapigo yoyote. Binti yangu, ambaye alimwosha mama yake kwa mikono yake na akatupa udongo pamoja nasi, alifunika uso kwa viganja, akalia kama aliyepigiwa simu dakika ile ile. Kisha akanishika mikono.

"Lini, baba?" akaniuliza, kama mtu asiyejua kitu.

Nikaanza kumweleza, tangu alipoamka siku ile akasema hataki chai.