Nta Juu ya Jina la Baba

Baba mdogo alinipigia simu mwenyewe.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya asali, "Jumamosi nafungua duka upya. Ule ukuta wa juu ya mlango unataka mkono wa nyumbani. Damu nzito kuliko maji."

Nikamwambia nitakuja. Nilipokata simu nilicheka peke yangu mpaka Mama akatoka chumbani kuuliza kulikoni.

Baba alikuwa mwandishi wa mabango. Mtaa mzima ulimwita Mkono, maana aliweza kuvuta mstari kutoka pembe moja ya ukuta hadi nyingine bila rula, huku anakutania. Mdogo wake hakujua hata kuosha brashi. Kazi yake ilikuwa kuongea na wateja, na kwa kuongea, hajambo. Juu ya mlango wa duka lao Baba aliandika kwa rangi nyekundu ya mafuta: MKONO NA NDUGUYE.

Kisha ule mkono ukaanza kutetemeka. Daktari aliupa ugonjwa jina refu. Baba mdogo akaupa jina fupi, pombe. Kila mteja aliyeingia aliambiwa, kwa kunong'onezwa na kwa huzuni ya kuigiza, kwamba kaka siku hizi anaanza na chupa asubuhi. Baba, ambaye kitu kikali kuliko vyote alichowahi kunywa ni chai isiyo na sukari, akawa hawezi kupita mtaani. "Mzee Mkono, barabara inakutosha?" watu walimuuliza. Alikuwa anacheka nao. Nyumbani hakucheka. Haukupita muda, turubai lenye picha ya Baba mdogo likafunika ukuta, na Baba akarudishwa nyumbani na kopo la brashi zake. Alikufa akiitwa mlevi. Mazishini Baba mdogo alilia kumshinda mjane.

Basi Ijumaa nikaenda na ngazi. Turubai lilikuwa limeshushwa, na herufi za Baba zilikuwa pale pale, nyekundu kama zimeandikwa jana.

"Funika zote," Baba mdogo akaniagiza. "Nisione hata kivuli. Juu yake uandike NDUGU DIGITALI." Akaondoka kwenda kuipokea mashine yake mpya ya kuchapa mabango.

Nikatoa mshumaa mfukoni.

Zamani wateja wengine walitaka bango jipya lionekane la kale. Baba alisugua mshumaa pale alipotaka rangi ya chini itokeze, kisha akapaka rangi mpya ya maji juu ya yote. Ikikauka, anapitisha tambara bichi: penye nta rangi inabanduka, kwingine inabaki. "Nta ina maringo, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Haikubali kila anayekuja kuposa."

Niliusugua mshumaa juu ya kila herufi, nikifuata njia ile ile iliyopita brashi yake. Niliona alipokandamiza, alipopumua, alipoinua. Nilipofika kwenye E ya mwisho mshumaa ukanitoka mkononi. Vile vijiti vyake vitatu vimepindapinda kidogo. Baba alirudi kuvikoleza wakati ugonjwa umeshaanza, akakataa kushuka ngazini, nikapanda nyuma yake kumshika. "Shika kiwiko," akanitania, "fahari niachie mwenyewe." Herufi ile tuliiandika wawili. Nikashuka, nikauokota mshumaa, nikaimaliza kwa upole kama ninayemfunika aliyelala.

Halafu nikapaka nyeupe ya maji, na ilipokauka nikaandika NDUGU DIGITALI kwa bluu. Ilipendeza, sisemi uongo. Baba angenikataza. Alikuwa na moyo mkubwa. Mimi nimerithi brashi tu.

Jumamosi watu wakajaa mbele ya duka. Baba mdogo, ndani ya suti nyeusi, akashika kipaza sauti.

"Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kipaji. Lakini chupa, ndugu zangu, chupa!" Akainua mkono wake, akautetemesha hewani. Wachache wakacheka.

Nikaegemeza ngazi, nikapanda na tambara langu bichi.

"Mwanangu, unafanya nini?"

"Pana vumbi, Baba mdogo."

Nikasugua. Nyeupe ikabanduka kama ganda la yai, bluu ikakatika vipande, ikachungulia M nyekundu. Nikaendelea. Mwenye saluni ya jirani akaanza kusoma kwa sauti, na wengine wakamfuata kama darasa la watoto: "Mkono... na... nduguye!"

"Shuka!" Baba mdogo akafoka. Nikashuka. Akanyakua kopo la rangi nyeupe na brashi nilivyoviacha mlangoni, akapanda mwenyewe, akapaka. Rangi ikateleza. Akapaka tena. Ikatiririka matone meupe, ikamwingia mikononi, ikamchirizika kifuani kwenye suti.

"Jamani, Mdomo umeshindwa!" fundi viatu akapiga kelele. "Mwiteni Mkono!"

Kicheko kikavunja mtaa. Baba mdogo akanigeukia kutoka juu ya ngazi, jasho na rangi vimechanganyika usoni.

"Umeweka nini hapa?" akanong'ona.

"Nta."

"Itoe, mwanangu. Nakuomba. Usinivue nguo mbele za watu."

"Nitaitoa. Kwanza sema. Baba alikunywa?"

"Hapana," akasema chini chini.

"Sikusikii. Sema kwa sauti ile uliyowaambia wateja."

Akatazama umati. Ngazi ilikuwa inatikisika. Mkono wenye brashi ulikuwa unatetemeka kweli sasa, wala hakuna aliyeuliza amekunywa nini.

"Kaka yangu hakunywa!" akapaza. "Alikuwa mgonjwa. Mimi ndiye niliyemzushia."

Kicheko kikakatika. Mwenye saluni akashika mdomo. Mama, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, akakaa chini kwenye kizingiti cha duka la jirani, akafunika uso kwa kanga yake.

"Haya," Baba mdogo akasema, "itoe sasa."

Nikakunja tambara, nikaliweka begani, nikaishika ngazi asianguke.

"Nilisema nitaitoa, Baba mdogo," nikamwambia. "Sikusema lini."