Sauti ya Kumfundishia Joyeuse

Kila Jumamosi Januari alimfundisha jirani yao Joyeuse kuendesha gari, na mkewe Genoveva alikaa kiti cha nyuma kama kikapu cha sokoni.

"Injini bado baridi," Januari alisema asubuhi hiyo kwenye maegesho ya ghorofa lao la mtaa wa Weston, theluji imejaa pembeni. "Oili ni nzito, haijafika kila mahali. Kanyaga resi taratibu. Mshale huu wa mizunguko ya injini usipite mbili mpaka ipate joto. Na pale palipo nyekundu usifike kabisa, hata injini ikiwa moto. Umenielewa, mdogo wangu?"

"Nimeelewa, kaka."

Mdogo wangu! Genoveva aliwahi kufundishwa mambo hayohayo ya injini, ila kwa kelele, mpaka watu wakachungulia madirishani. Siku ile alitupa funguo na hakushika usukani tena.

"Mbona huna glavu?" Januari akamuuliza Joyeuse.

"Nilizisahau kwenu jana."

"Ngoja nikuletee."

Akaenda ghorofani mwenyewe, mtu ambaye hata maji ya kunywa huletewa.

Genoveva akashuka, akafungua mlango wa dereva. "Nipishe."

Joyeuse akatoka, akasimama kwenye theluji. Genoveva akaketi, akakanyaga. Mshale ukapita mbili, ukapita tatu, ukapita nne. Gari zima likatetemeka.

"Dada, utaiua!"

"Si ya mume wangu? Wewe inakuuma nini?"

Mlango wa ghorofa ukafunguka kwa kishindo. Genoveva akaachia resi, akaruka nje. Januari akafika mbio, glavu mkononi.

"Nani amepiga resi vile?"

"Mimi, kaka," Joyeuse akawahi kusema. "Mguu uliteleza."

"Ah, pole." Sauti yake ikalainika. "Ikiwa baridi ukiifanyia hivyo inasagika ndani. Si kitu, tutajaribu tena."

Pole! Angemfokea yule binti, Genoveva angelala usingizi mzuri. Sasa ile pole ndiyo iliyomchoma.

"Ni mimi," akasema.

Januari akageuka, mishipa ya shingo imemtoka. "Wewe mwanamke, una..."

"Ngoja. Niambie kama ulivyomwambia yeye."

Joyeuse akatazama viatu vyake.

"Injini bado baridi, Veva," alianza, maneno yakitoka kwa shida. "Kanyaga... taratibu."

Genoveva akazichukua zile glavu mkononi mwa Januari, akazivaa, akaketi kwenye usukani.

"Endelea," alimwambia mumewe. "Na wewe, mdogo wangu, leo kaa nyuma."