Viatu vya Mpira Madhabahuni

Kanisani kwao Alby, nchini Sweden, aliyepata kazi huileta kazi yenyewe madhabahuni. Kaka yake Christelle alipoanza kuendesha basi alileta koti la udereva. Dada mmoja wa Vällingby alileta viatu vyeupe vya hospitali. Mchungaji huuliza, "Kazi yako ni gani?" Mtu hujibu, mzazi wake huweka mikono juu ya kile kilicholetwa, na kina mama hupiga vigelegele. Mzazi asipoweka mikono, hakuna maombi. Walitoka na desturi hiyo Bukavu, na baridi ya huku haijaigusa.

Sasa Christelle alikuwa ameajiriwa kucheza mpira. Timu ya wanawake, mkataba, mshahara wa kila mwezi. Mzazi aliyebaki naye duniani ni Mwamba, baba yake, na Mwamba alikuwa amekataa katakata.

"Sema unatumika kwa nyumba ya kutunza wazee, sawa zamani," alimwambia asubuhi ile. "Mupira ni muchezo. Mutu halipwe juu ya kucheza."

"Kwa wazee niliacha, Papa. Sitadanganya mbele ya Mungu."

"Basi mikono yangu itabaki mufukoni."

Vizuri, ibaki! Christelle alitia viatu vyake kwenye mfuko wa plastiki, na matope ya jana yakiwa bado yamevishika. Mbona koti la kaka yake nalo halikufuliwa kwanza?

Ibadani, Mwamba aliongoza kwaya akiwa amekaa kitini. Goti lake lilikwisha kwa kubeba masanduku kwenye ghala la Upplands Väsby, miaka na miaka. Christelle alipoitwa, alipita mbele yake bila kumtazama, akaviweka viatu madhabahuni.

Mchungaji Aristide aliyaona yale matope, akakohoa. "Kazi yako ni gani, binti?"

"Mcheza mpira."

Benchi la kina mama likaangua kicheko. Mzee mmoja akanguruma kwamba hiyo si kazi. Mchungaji alimtazama Mwamba, na Mwamba akatazama dari.

"Basi keti, binti. Tutaomba siku ingine."

"Siketi."

Kicheko kikakatika. Christelle alikuwa na hasira, na hasira ilimpa sauti. Akawapa habari aliyosimuliwa na mkufunzi wake, Alma, wakiwa safarini kwenda mechi: habari ya Enoch Haslam, Mwingereza, mtoto wa kiwanda cha pamba, enzi ambazo mabwana wakubwa walisema kupokea mshahara kwa ajili ya mpira ni aibu. Timu ilimwajiri hata hivyo. Mabwana wakamwita mamluki, wakakataa kumpa mkono kabla ya mechi, naye akawafunga. Siku ya harusi yake padri alimuuliza kazi yake ili aiandike. Mcheza mpira, akajibu. Padri akasema ataandika mfuma nguo. "Basi harusi ingoje," akasema Enoch, akasimama palepale, bibi harusi ubavuni, chakula cha wageni kikipoa, mpaka padri akaandika alivyoambiwa.

"Na mimi nangoja," alimaliza Christelle.

Mchungaji akafuta jasho. Hakuna aliyejua la kufanya, kwa maana hata wimbo wa kuziba aibu ile ungehitaji Mwamba auanzishe.

"Ule Enoch," ilitoka sauti kwenye kiti cha kwaya, "alimalizia wapi?"

Christelle angeweza kuipamba habari. Hakuipamba. "Alivunjwa goti, Papa. Akarudi kiwandani akichechemea. Lakini mpaka anakufa, ukimuuliza kazi yake, alisema mcheza mpira."

Mwamba aliutazama mguu wake. "Goti," akasema.

"Goti, Papa."

Akachukua fimbo, akainuka. Hakuna aliyemsaidia, maana wote walimjua, angemfukuza yeyote aliyejaribu. Alipofika mbele akawageukia wazee.

"Kitu chenye kinakula goti ya mutu ni kazi," aliwaambia, bila kupunguza sauti. "Mwenye kubisha akuje achukue yangu."

Hakuna aliyekwenda kuchukua. Kisha Mwamba akavipita viatu bila kuvigusa, akaiacha fimbo ianguke, akajishusha kwa maumivu mpaka sakafuni. Mikono yake yote miwili akaiweka juu ya magoti ya binti yake, akayashika kwa nguvu.

"Pasta, omba," alisema. "Tena omba mbio. Siwezi kukaa huku chini muda murefu."