Kibao cha Pikapu ya Baba

...nyekundu kama kawaida, anasema Bi Earline, wala haulizi, mkono wake umeshaingia kwenye droo na vidole vimeshashika kibao cha juu, na mimi nimesimama mbele ya dirisha lake nimekodoa macho, sijasema ndiyo, sijasema hapana, kadi ya pikapu iko hapo kaunta imeshagongwa muhuri, jina la Doyle Hargett limetoka, jina langu limeingia, Lacey Hargett, kwa hiyo pikapu si ya baba tena, ni yangu, na kilichobaki ni kibao cha namba tu, bati lenye rangi ya timu ya mtu, watu wanakuja hapa ofisi ya kaunti kila siku wanachukua bati lao wanaondoka... subiri kidogo, Bi Earline, nasema, naye anasubiri bila kutoa mkono kwenye droo, anafikiri natafuta pochi, anaendelea na habari zake za chakula cha kanisani, nani alileta pai ya viazi vitamu haijaiva katikati, na nyuma yangu kuna mwanamume mwenye kofia ya kuvulia samaki, anaegemea mguu huu, anahamia mguu ule, anapumua kwa pua, na kule nje, nikigeuza shingo kidogo, naiona pikapu kupitia kioo cha mlango, na baba ndani yake, kakaa upande wa abiria, mahali ambapo hakuwahi kukaa mpaka kiharusi kilipompiga mwaka huu, kofia yake nyekundu kichwani, bisibisi mapajani. Alisema lazima aje. Nilimwambia kaa nyumbani baba, baridi yote hii, nitakifunga mwenyewe, akasema kibao cha pikapu hii amekifunga kwa mkono wake tangu ilipotoka dukani na hiki nacho atakifunga, mkono utetemeke usitetemeke, basi nikamfunga mkanda kama mtoto tukaja, na tulipofika hapo maegeshoni, mimi nimeshafungua mlango, mguu mmoja chini, ndipo akasema, "Chagua unachotaka, gari ni lako," na hakunitazama aliposema, alikuwa anaitazama bisibisi. Afadhali angenikataza. Mimi mtu akinikataza napata nguvu, nimeumbwa hivyo, nimerithi kwake, lakini mtu akiniachia nafasi nachanganyikiwa, na baba ananijua, ananijua vizuri sana yule mzee...

...na juma lenyewe hili, wala halifai kwa kuchagua kitu chochote, Alhamisi ni sikukuu ya Shukrani, Jumamosi ni mechi ya watani, timu za vyuo vyetu viwili, jimbo zima la Alabama limegawanyika katikati kama mkate, huku wekundu, huku bluu, Bi Earline kavaa sweta nyekundu, msichana wa dirisha la pili kavaa ya bluu na wameweka tepu sakafuni katikati yao, eti mpaka, na jana kaka yangu Wendell kaniandikia ujumbe, nasikia mnakwenda kubadilisha kadi, ile pikapu ikija Shukrani na kibao cha bluu uiegeshe barabarani, usiiingize uani kwa mama, halafu akaweka vicheko, lakini Wendell namjua, akicheka ndiyo anamaanisha. Na wala si kwamba mimi si mwekundu. Hapo ndipo watu wanaponikosea. Mimi nililetwa kutoka hospitali nimefungwa blanketi jekundu, picha iko ukutani kwa mama mpaka leo, nilijua wimbo wa wekundu kabla sijajua sala, Jumamosi za vuli baba alikuwa anatoka zamu ya asubuhi kiwandani, kule wanakomwaga mabomba ya chuma, anaingia bafuni mweusi kwa masizi anatoka kavaa nyekundu, anawasha redio barazani hata kama mechi iko kwenye televisheni, kwa sababu mtangazaji wa redio ni wetu na wa televisheni ni wa watu wote, tunakula karanga za kuchemsha, maganda tunatupa kwenye ndoo, na timu ikifunga ananirusha juu mpaka mama anapiga kelele nisigonge feni ya darini. Hajawahi kukaa darasa la chuo chochote, baba. Chuo cha wekundu alikuwa anakiona siku za mechi tu, na kutoka nje, uwanja, geti, maegesho. Lakini alikuwa anasema "sisi". Sisi tulishinda, sisi tulionewa, sisi hatuhitaji kocha mpya. Na mimi ninacho cheti cha chuo, udaktari wa mifugo, kimewekwa fremu, cha bluu, na mpaka leo nikisema "sisi" siku ya Jumamosi namaanisha wa baba.

...ndiyo maana wananiita popo, ndege hawanitaki na wanyama hawanitaki, pale kliniki wenzangu wote ni bluu, wiki hii wamenifungia kiti changu riboni ya bluu, wanasema wewe Lacey tulikulisha tukakusomesha ukaenda kuolewa na jirani, na nyumbani Wendell akitaka chumvi anasema mwambieni yule wa ng'ombe aniletee chumvi, yaani chuo changu ni cha wafugaji... sawa, nimezoea, nacheka nao, mtu akiishi kwenye utani miaka yote hiyo anaota sugu. Mwaka wa kwanza chuoni hata sikujua pa kujificha. Mechi ya watani, nimekaa jukwaa la wanafunzi, bluu mbele bluu nyuma, mimi nimevaa bluu kwa adabu, basi wekundu wakafunga, na mwili wangu ukaruka wenyewe, haki ya Mungu sikuutuma, nimesimama peke yangu mikono juu katikati ya watu wote wale walionyamaza, na Priya niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja akanivuta sketi akasema kaa chini kabla hawajakuua. Nikakaa. Tulicheka usiku mzima. Lakini nilipokuwa nacheka nilikuwa nawaza, je, baba angeniona... na kurudi nyumbani likizo nilikuwa nasimama kituo cha mafuta pale njia panda, naingia choo cha wanawake, navua fulana ya chuo naipiga kwenye begi, navaa nyekundu, natoka. Kila likizo. Yule mama wa pale kaunta alishanizoea, akiniona tu ananipa ufunguo wa choo. Kwa sababu tulikuwa na mapatano, mimi na baba. Wekundu walinikubali lakini bila msaada wa ada, bluu walinikubali na wakalipia kila kitu, barua zote mbili ziko juu ya meza ya jikoni, mama anazungukazunguka na kitambaa anafuta pasipo na uchafu, na baba akazisoma polepole, akaivua miwani, akasema, "Nenda. Lakini rangi ile usinivalie humu ndani." Nikasema sawa, baba. Na sijamvalia. Mpaka leo hii, mwanamke mzima nina kliniki, sijamvalia.

...Lacey, mwanangu, kadi ya benki hatupokei leo, mashine imeharibika, anasema Bi Earline, na mimi nasema nina taslimu, na mkono wake bado uko pale pale kwenye droo ya nyekundu, na pembeni yake, kwa jirani, iko ya bluu, droo zinafanana, na mwenye kofia ya kuvulia samaki anamuuliza mtu aliye nyuma yake kama foleni hii ni ya magari au ya mazishi. Mwache aseme. Kuna kitu baba hakijui. Baba ana neno lake la barabarani, tulikulia nalo, kila gari lenye kibao cha bluu likitupita alikuwa anasema mtazameni mpumbavu yule, amelipa zaidi ili watu wote wajue kwamba ni mpumbavu, na mimi na Wendell kiti cha nyuma tunakufa kwa kicheko, tunageuka kuwahesabu, mpumbavu mwingine, baba, mpumbavu huyo kwenye lori, mpumbavu bibi kizee... halafu mwaka wa pili chuoni wakatualika chakula, sisi tuliosomeshwa bure, meza zina vitambaa vyeupe, nikakaa karibu na mama mmoja wa ofisi ya wafadhili, mama mcheshi, ananimiminia chai ya sukari, nikamuuliza kwa adabu tu, nipate la kusema, nani hasa anatulipia, nikitegemea atanitajia tajiri fulani mwenye jengo, naye akasema, hujui? Ni vibao vya magari. Ile nyongeza wanayolipa watu kwa kibao cha chuo inakuja kwenu, wewe umesomeshwa na watu walio barabarani. Akaendelea kula. Mimi nilikuwa na kuku mdomoni, sikumtafuna, sikummeza, nilikaa naye tu, nikawa nawaona wote, mmoja mmoja, yule wa lori, yule bibi kizee aliyeshika usukani kwa mikono miwili, tuliomcheka mpaka tukalia... wapumbavu wa baba ndio walionisomesha. Kila aliyetupita kwenye ile barabara kuu alikuwa ananibebea kitabu, naye hakujua, na sisi tulikuwa tunamzomea.

Na sikumwambia. Ningemwambiaje... kila Krismasi nilisema nitamwambia, na kila Krismasi kulikuwa na mtu amewasha redio. Niliogopa, ndiyo, lakini si kwamba atafoka, baba hafoki, niliogopa ataumia, ataona kwamba kazi yake yote ile kiwandani haikutosha ikabidi watani waje wamalizie, na mzee mwenye haya kama yule humwambii jambo la hivyo juu ya sahani ya nyama. Lakini siku ya mahafali... siku ya mahafali alikuja na suti ya kijivu na tai nyekundu, kakaa katikati ya ukumbi mzima wa bluu, na jina langu lilipoitwa, daktari Lacey Hargett, watu wanapiga makofi ya heshima, nikasikia kutoka kule nyuma sauti moja, nene, ya kiwandani, inapiga ukelele wa wekundu. Ule ule wa barazani. Ule wa kunirusha juu. Ukumbi ukalipuka, huyu anazomea, huyu anacheka, mkuu wa chuo mwenyewe akapoteza mstari, na mimi pale jukwaani nilitaka sakafu ifunguke, nikamwendea baadaye nimekunja uso, baba, hapa, leo, kweli, naye anazungusha kofia mkononi, akasema, "Mwanangu, sikujua neno jingine la furaha."

...ah. Ndiyo hivyo. Hakujua neno jingine. Mtu akifurahi anatoa alichonacho, na yeye alikuwa na kile kimoja tu, akakitoa chote, mbele ya watani, kwa ajili yangu, wala hakuona aibu, na mimi ninayo maneno mawili na yote nimeyaficha, moja nalivua chooni, jingine nalivulia kliniki, ninatembea uchi katikati. Basi imetosha. Jumamosi nitavaa nyekundu, nitakaa naye barazani na redio na ndoo ya maganda, na wakifunga nitaruka kama nilivyoruka kule, hilo halina mjadala, hilo sikulichagua na siwezi kulitoa hata wanichune. Lakini kibao si Jumamosi. Kibao ni cha kila siku, kitakwenda na mimi machungani, kitakaa kwenye matope nikimzalisha ng'ombe wa watu, na udaktari huo wa kumzalisha ng'ombe najua ulitoka wapi. Na kuna msichana mahali fulani kaunti hii, blanketi lake lilikuwa jekundu, baba yake anapiga kelele na redio, barua mbili zitakuja mezani kwake... na pikapu itampita barabarani, naye atageuka kiti cha nyuma, atasema baba, mpumbavu mwingine. Aseme. Acha aseme, mimi ndiye huyo, na Wendell naye aseme, nitaegesha barabarani, nina miguu.

...hawezi kukifunga, na kama hawezi? Mkono wa kulia hauna nguvu, na moyo je, moyo wa kufunga bluu kwenye pikapu yake utautoa wapi... nitafungua mlango wa upande wake. Nitamwekea kibao mapajani, kando ya bisibisi, sitamficha chini ya koti, nitamwambia baba, unawakumbuka wale wapumbavu, na nitamweleza yote pale pale, baridi isiwe kisingizio, kuku, mama wa ofisi, bibi kizee wa usukani, nitamwambia wewe ulinilea na wao wakanisomesha, na hakuna aliyekupunguzia kitu. Akikifunga, nitamshika kiwiko mkono usitetemeke. Asipokifunga, nitaichukua bisibisi, nitapiga goti nyuma ya pikapu nikifunge mwenyewe, naye atazame kwenye kioo akitaka, kazi hiyo naiweza, kushoto unalegeza, kulia unakaza, na usikaze ya kwanza mpaka mwisho kabla ya pili haijashika, alinifundisha yeye... "Nyekundu basi, mwanangu?" anasema Bi Earline, mkono droo ile ile, kibao nusu nje, mwenye kofia anapumua kwa pua, kule nje kofia nyekundu haijasogea, na mimi naweka pochi kaunta, navuta pumzi ya kutosha isikike mpaka dirisha la pili, Bi Earline, naanza.