Maji Yaliyomsingizia Mzee

Pakiti ilikuwa imewekwa juu ya mto wake, taratibu, kama zawadi. Mzee aliisoma asiamini, akavaa miwani, akaisoma tena: nepi za watu wazima. Damu ikampanda kichwani.

"Nani kaniwekea uchafu huu?"

Mwanawe akaja mlangoni, macho chini. "Baba, usikasirike. Si aibu. Umri ukienda..."

"Umri umeenda wapi?"

Ndipo yakatoka yote. Tangu aache kuendesha malori na kuhamia kwa mwanawe, mzee alijipumzisha mchana kwenye bembea yake ya turubai, ile aliyozoea kuitundika chini ya lori safarini. Hapa aliifunga barazani: upande mmoja kwenye nguzo, upande wa pili kwenye mlingoti wa kuanikia nguo, nje ya paa. Mvua ikimkuta amesinzia, mkwewe alikuta turubai limelowa katikati, palepale makalio yanapokaa. Mzee mwenyewe alidhani ni manyunyu ya upepo. Mkwe hakumuuliza. Alimnong'oneza mumewe, kisha akampigia dada yake mwenyewe simu.

"Dada yako naye anajua?" mzee akamngurumia mkwewe, aliyesimama nyuma ya mumewe. "Mnanijadili kwenye simu kama gari bovu?"

"Nilitafuta ushauri tu, baba," mkwe alisema, akijifuta mikono isiyo na maji.

Mzee akasusa kula mezani. Mvua iliporudi hakulala. Aliburuta kiti, akaikodolea macho bembea tupu kama askari anayemlinda mwizi. Haikuchukua muda. Maji yalishuka kutoka kwenye mlingoti, yakatambaa juu ya kamba, yakaingia chini ya paa, yakanywewa na turubai na kukusanyika katikati.

"Njoo uone!"

Mwanawe alichungulia tu. "Sawa baba, tumekuelewa," akasema kwa ile sauti ya kumbembelezea mtoto. Sauti hiyo ilimuuma kuliko nepi.

Mzee akapiga fundo nene kwenye kamba, maji yakalivuka. Kamba ilipokauka akaipaka nta ya mshumaa. Mvua iliyofuata maji yakateleza kwa kasi zaidi. Kwa hasira akachana fulana kuukuu, akafunga kipande kwenye kamba karibu na turubai, ncha ikining'inia. Maji yakafika kwenye kitambaa, yakafuata ncha, yakadondoka sakafuni, to, to, to. Turubai likabaki kavu kabisa.

Mchana mwingine wa mvua akamwita mwanawe. "Lala humo."

"Baba..."

"Lala!"

Mwana akajilaza. Mzee akakifungua kitambaa, akasimama amekunja mikono kifuani. Muda si muda mwana aliruka, suruali imelowa nyuma. Mkwe akaziba mdomo, asijue acheke au alie.

"Nisamehe, baba," mkwe akasema.

"Simu iko wapi? Mpigie dada yako. Sasa hivi, nikisikia."

Akapiga, akaeleza kila kitu, hata habari ya fulana. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Na mkwe yakaisha.

Na mwanawe hayakuisha. "Si yameshajulikana, baba?" alisema, akijikung'uta suruali. "Tuyaache."

"Neno langu halikukutosha," mzee akamjibu. "Mpaka ulowe ndiyo uniamini? Mimi, baba yako?"

Mzee alikifunga kitambaa upya, akakaza fundo kwa meno, akajilaza na kuwapa kisogo wote wawili.