Sekunde Tano za Kigali

Cheti changu cha Kigali kinaning'inia ukutani, juu ya debe la unga, na mpaka leo aliyekitazama kwa makini ni mjusi. Simlaumu mtu. Kimeandikwa Kiingereza.

Nilipelekwa mimi, Leticia, mama yake Arcade, mkulima wa mpunga wa Mamba, kwenye kongamano la kimataifa la wazungumzaji. Shirika moja linalofundisha wakulima lilitaka mtu mmoja "mwenye mdomo". Kikundi chetu kizima cha mfereji kikageuka kunitazama. Hata kura hawakupiga.

Kule kila mtu alipewa dakika tatu, na mbele yake taa: kijani, njano, nyekundu. Nikasimama kama nilivyolelewa. Nikamsalimu mwenyekiti, nikasalimu meza kuu, nikasalimu nchi kumi na nne mojamoja, nikafikisha salamu za Mamba, za padri na za kikundi, nikamwomba radhi ambaye sikumtaja. Nikavuta pumzi sasa niseme habari ya maji. Taa ikawaka nyekundu. Mkalimani kibandani alikuwa bado anahangaika na "itifaki imezingatiwa".

Nilikasirika mpaka nikashindwa kula, mimi ambaye sijawahi kushindwana na sahani. Mwalimu wetu, mama mmoja wa Ghana, akaniita pembeni na mkalimani wake.

"Dada, anza na jambo lenyewe. Ukishalisema, nyamaza sekunde tano. Watu hawawezi kuvumilia kimya. Watakijaza wao."

Nikaliandika hilo kwenye daftari, nikalipigia mistari miwili.

Narudi Mamba, nakuta mvua imekata. Majaruba ya mpunga yetu sisi wa mwisho wa mfereji yamepasuka nyufa za kuingia kidole. Kwa wakulima wa juu, akina Erasmus, bata wanaogelea. Jirani yangu Josefina akanipeleka kuona mpunga wake, majani yamejikunja, ncha zimegeuka njano.

"Wiki moja, Mama Arcade," akasema. "Ikipita hiyo, nawakatia ng'ombe."

Maji yangetutosha wote kama yangekwenda kwa zamu, sisi wa chini tukipewa Alhamisi na Jumapili tu. Lakini zamu hupitishwa na mkutano wa kikundi, na mkutano ulikuwa Jumanne. Mwingine mpaka mwezi ujao.

"Si ndiyo maana walikupeleka kujifunza kusema?" Josefina akaniuliza. Hakuwa ananitania. Ingekuwa heri angenitania.

Jumanne tukakaa ghalani. Mzee Gelasius, mwenyekiti wetu, akaniita mbele nitoe taarifa ya Kigali. Nikasimama. Sikumsalimu mtu.

"Mpunga wa Josefina unakufa," nikasema. Nikanyamaza.

Moja. Mbili.

"Huyu hata shikamoo?" sauti ya nyuma ikanong'ona.

"Kigali wameacha kusalimiana," ikajibiwa.

Tatu.

"Ahsante sana, mama!" Gelasius akasimama. "Maneno machache, ya kisomi kabisa. Mpigieni makofi ya kilo!"

Wakapiga. Wakapiga kweli, Josefina peke yake ndiye aliyekaa na mikono mapajani.

"Mwenyekiti, sijamaliza."

"Umenyamaza, mama. Hapa kwetu aliyenyamaza amemaliza. Ajenda ya tatu, sare za kikundi."

Sare zikala saa nzima. Kijani au bluu? Erasmus peke yake alitumia dakika ishirini kuitetea kijani. Alianza na salamu, akapita kwa marehemu wote walioanzisha kikundi, na watu wakamsikiliza kama redio siku ya matokeo ya mtihani. Mimi nimekaa natafuna ncha ya kitenge. Kigali nilisalimu mno, Mamba sikusalimu kabisa, na kote nimetoka kapa. Dunia imenichapa mara nyingi, lakini kwa kawaida hunichapa upande mmoja.

Tulipofika mengineyo nikanyoosha mkono mpaka bega likauma.

"Muda umetutupa mkono," akasema Gelasius. Halafu akaniona nilivyovimba, akataka kunipoza. "Basi mama yetu wa kimataifa atufungie kwa sala."

Kofia zikavuliwa. Vichwa vikainama, macho yakafumbwa. Nikawatazama wote walivyotulia, ndipo nikakumbuka kwamba sala haikatizwi.

Nikafanya ishara ya msalaba. Nikamsalimu Mungu kwa itifaki yake yote, malaika na watakatifu, sikuruka mtu. Kisha nikasema, "Baba, unamwona mtumishi wako Erasmus, uliyemjalia maji mpaka bata wake wamenenepa. Unamwona na Josefina, aliyebakiwa na wiki moja. Mpe Erasmus moyo wa kutufungulia maji Alhamisi na Jumapili."

Nikanyamaza. Nikahesabu tano, nikaongeza tano nyingine za tahadhari. Hakuna aliyepiga makofi. Mtu alikohoa, basi.

"Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu."

"Amina!"

Sauti ya Erasmus ndiyo iliyotangulia, maana ni mwanakwaya, na mazoea ni mazoea. Akafumbua macho haraka. "Mwenyekiti! Hiyo ilikuwa sala au hoja?"

"Umeitikia, baba," Josefina akamwambia. "Tena umetuanzishia wewe."

Ghala likaangua kicheko. Nami nikaanza kucheka, mpaka Gelasius alipofunga daftari.

"Amina haiingii kwenye muhtasari, jamani nyie. Tutalijadili mwezi ujao."

Nilifika nyumbani nikakigeuza kile cheti kikatazama ukuta.

Alhamisi asubuhi Josefina akaja mbio kuniita. Maji yalikuwa yanashuka, membamba, yakisukuma takataka mbele yake. Erasmus amesimama kwenye tuta na jembe lake, uso umekunjamana.

"Shemeji, nimefungua leo tu," akasema. "Mke wangu tangu Jumanne ananiuliza habari ya ile Amina, mezani, kitandani, kila mahali. Leo tu, tusielewane vibaya."

Nilikuwa na majibu saba mdomoni, yote yana miiba. Nikayameza. Nikamtazama.

Moja. Mbili. Maji yakaingia kwenye nyufa za jaruba la Josefina, yakapotea, yakafuata mengine. Tatu. Erasmus akajikuna shingo. Akahamisha jembe bega hili na lile.

Nne.

"Haya, na Jumapili," akasema. "Ila baada ya misa."