Mtoto wa Tishari la Mwisho

Hata arobaini ya mumewe ilikuwa haijafika, mama yake Caifeng alivaa raba, akatia mfukoni madonge ya kijani ya mchele, ya kuwapelekea wafu, akasema anakwenda kumtafuta Shuisheng.

"Mama, Shuisheng alikufa kabla sijazaliwa."

"Najua alikufa. Nataka kujua wapi."

Jina hilo halikutajwa nyumbani baba alipokuwa hai. Caifeng alijua kidogo tu. Wazazi wake walikuwa watu wa majini, waliobeba makaa ya mawe kutoka kaskazini hadi Shanghai, na tishari lao lilikuwa la mwisho kwenye msururu mrefu uliovutwa na tagi, boti moja ya injini. Walipokuwa wakipita mfereji wa mji wa Wuxi, Shuisheng, kaka yake, mtoto wa miaka minne, aliteleza akaanguka. Mgongoni alifungwa kibuyu kama watoto wote wa majini, kwa hiyo hakuzama. Alielea, akilia, huku msururu ukizidi kwenda. Mama alipiga kelele. Huko mbele kwenye tagi hakuna aliyesikia. Alipotaka kujitosa, mumewe alimkumbatia kiunoni, akamshikilia mpaka mtoto akapotelea kwenye kona. Baadaye mume alirudi kwa miguu kuulizia, akaja mikono mitupu.

Caifeng na mama yake wakashika njia ya kando ya mfereji huohuo, kuelekea kusini. Palipokuwa na kiwanda cha hariri sasa palikuwa na maghorofa, na mbwa waliovalishwa sweta. Tanuri la matofali lilikuwa limegeuzwa mkahawa. Vijana walipigana picha chini ya dohani lake. Mama hakuinua macho. Aliangalia maji tu.

"Siku ile yalikuwa mekundu," alisema. "Kulikuwa na watu wa kutia rangi vitambaa. Leo bluu, kesho kijani. Siku ile mekundu."

Mji ulianza kuisha. Yakafuata maghala ya vifurushi, karakana zilizofungwa, kisha kiwanda kilichobomolewa nusu. Mzee mmoja alikuwa akichomoa nondo kwenye vifusi.

"Shikamoo, mzee. Hapa walikuwa wakitia rangi vitambaa?" Caifeng akauliza.

"Marahaba. Ndiyo hapa. Mimi Qian, nilikuwa nachochea moto wa boila. Mnatafuta vyuma? Mmechelewa, vizuri vyote nimeshavibeba."

"Tunatafuta mtoto," mama akasema. "Alianguka majini zamani. Alikuwa na kibuyu mgongoni."

Mzee Qian aliweka nondo chini polepole.

"Wa majini," akasema. "Mwekundu mpaka nywele."

Caifeng alimshika mama mkono. "Mama, hebu kakae pale kivulini kwanza."

"Sikai. Sema, mzee."

"Alinasa kwenye wavu wa bomba letu la kuvuta maji. Tulimtoa yu hai, dada yangu. Tukamlaza kwangu, kwenye boila, palikuwa na joto. Lakini kifua kilikuwa kimeshaingia maji, na maji yenyewe ya rangi. Akaishi siku tatu. Kila msururu uliopita tuliuita, hakuna uliosimama."

"Alikula?"

"Eh?"

"Nakuuliza, alikula?"

"Uji. Siku ya kwanza alimaliza bakuli akataka tena. Alikuwa anasema sana, ila lugha yenu ya kaskazini hatukuijua. Neno moja tu ndilo tulilolielewa."

Hakulitaja, na mama hakumwuliza.

"Tulimzika pale." Mzee alionyesha nguzo za barabara ya juu, malori yakinguruma juu yake. "Palikuwa na miforosadi. Baba yake nilimfikisha mwenyewe."

"Baba yake nani?" Caifeng aliuliza.

"Baba yake! Alikuja kwa miguu, siku mbili baada ya maziko. Nilipomwambia mtoto aliishi siku tatu, alijipiga kichwa kwenye ukuta mpaka tukamshika. Akatuomba, mke wake akija tuseme hatujaona kitu. Akasema, 'Mimi ndiye niliyemzuia asijitose.'"

 Mama akaenda mpaka kwenye nguzo, akachuchumaa, akapanga madonge kwenye zege. La mwisho alilila mwenyewe, akitafuna taratibu kama mgonjwa.

"Mama, baba alikuwa anakuonea huruma," Caifeng alisema.

"Miaka arobaini nimelala na mtu anayejua kaburi la mwanangu. Kila tukipita hapa na tishari namwuliza, unadhani ni wapi? Ananijibu, sijui, mke wangu, maji ni mengi." Akajifuta mdomo. "Usiniambie habari za huruma."

Walirudi kwa basi. Kesho yake ilikuwa siku ya kusafisha makaburi. Caifeng aliandaa ufagio, ubani na pombe aliyoipenda baba, akagonga mlango wa mama yake. Akagonga tena. Alimsikia ndani, amekaa kitandani, yu macho.

Akaenda peke yake.